Mifumo ya kidijitali kituoni: maswali ya watumishi wa afya wa Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wa wauguzi, matabibu, wateknolojia wa maabara, watoa dawa, wahudumu wa afya na waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya, kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu. Tumeweka maswali yanayojirudia kwenye mafunzo na kwenye simu za kuomba msaada. Majibu mengine ni marefu kwa sababu tatizo lenyewe lina mizizi. Soma lile linalokuhusu.

Sijawahi kushika kompyuta. Nianzie wapi?

Anzia kwenye skrini ya kazi yako, si kwenye kozi ya kompyuta ya miezi mitatu. Kozi nyingi za mitaani huanza na kuandika barua na kupamba majedwali. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito anarudi kazini na cheti, na bado hajui kumtafuta mama aliyeandikishwa mwezi uliopita. Unachohitaji kwanza ni kuwasha na kuzima mashine kwa utaratibu, kuingia na kutoka kwenye akaunti yako, kutafuta jina, kuhama kisanduku kimoja hadi kingine kwa kitufe cha Tab, kusahihisha ulipokosea na kuhakikisha kilichoandikwa kimehifadhiwa. Dakika 30 kila siku ukiwa na mwenzako anayejua zinafaa kuliko semina ya siku nzima ambayo hutaigusa mashine tena kwa mwezi.

Vitufe viwili huwatesa wanaoanza. Num Lock ikiwa imezimwa, namba za upande wa kulia wa kibodi haziandiki namba bali zinahamisha alama ya kuandikia. Watu hudhani kibodi imekufa. Caps Lock ikiwa imewashwa, neno la siri linakataliwa hata kama umeliandika sawasawa, kwa sababu herufi kubwa na ndogo huhesabiwa tofauti. Angalia vitufe hivyo kabla ya kumwita mtu wa TEHAMA.

Jambo moja tunaliomba kwa msisitizo: usijifunzie kwenye mfumo halisi kwa kuandikisha mgonjwa hewa wa majaribio. Mgonjwa huyo ataingia kwenye ripoti ya mwezi na dawa utakazomwandikia zitapunguza hesabu ya stoo. Muulize mtu wa TEHAMA wa halmashauri kama kuna sehemu ya mazoezi. Kwa DHIS2, programu ya ripoti za mwezi, ipo tovuti ya majaribio iliyo wazi kwa kila mtu, play.dhis2.org, yenye takwimu za mfano za Sierra Leone. Huko haribu utakavyo.

Mifumo ni mingi. Kila mmoja ni wa nini?

MTUHA ni utaratibu mzima wa taarifa za afya: vitabu, fomu za kujumlishia na ripoti. DHIS2, ambayo asili yake ni Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, ndiyo programu inayopokea jumla zako za mwezi. GoTHOMIS inamfuata mgonjwa mmoja mmoja kuanzia mapokezi, chumba cha daktari, maabara, dirisha la dawa hadi malipo. eLMIS ni ya dawa na vifaa tiba, ambako maombi yako huelekea Bohari ya Dawa, MSD, yenye kanda hapa Mtwara. FFARS ni ya mapato na matumizi ya kituo. CTC2 ni ya wateja wa tiba na matunzo ya VVU.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba ukishaandika kwenye mfumo mmoja, mwingine umepata. Muulize mratibu wa MTUHA wa halmashauri yako ni taarifa zipi zinasafiri zenyewe na zipi ni lazima uzijaze kwa mkono. Andika jibu lake kwenye karatasi, ulibandike ukutani.

Niingize taarifa mgonjwa akiwa mbele yangu, au jioni foleni ikiisha?

Mgonjwa akiwa mbele yako. Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo vituo vingi vinapoteleza.

Ukisubiri jioni unategemea kumbukumbu na vikaratasi. Uzito wa mtoto unaandikwa kwa kukisia, kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, kilichokuwa hasi kinageuka chanya kwa sababu alipewa dawa, na stoo ya dawa inasoma hesabu ya asubuhi mchana kutwa. Tena mfumo hauwezi kukusaidia. Faida kubwa ya GoTHOMIS ni kwamba wa maabara anaona ombi lako mgonjwa kabla hajafika dirishani. Ukiingiza saa kumi na moja jioni, faida hiyo imekufa.

Panga meza vizuri. Weka skrini pembeni kidogo, si kati yako na mgonjwa, na igeuze ili wanaosubiri mlangoni wasiisome. Msalimie, msikilize hadi amalize shida yake, mpime, kisha sema, "Naandika sasa," na uandike. Mgonjwa anayeona unaangalia skrini tu hufupisha maneno, na mara nyingi anachokiacha ndicho ulichokihitaji.

Dharura haina mjadala. Mama anayevuja damu au mtoto mwenye degedege anahudumiwa kwanza. Kama anahitaji rufaa, piga 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura wa m-mama kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mwenzako aandike kwenye karatasi kila dawa na saa iliyotolewa. Ukija kuingiza baadaye, andika saa ya tukio, si saa unayoandika.

Kwa nini saa za kujifungua zinaonekana za ajabu kwenye mfumo?

Kwa sababu sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri na kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Mkunga anaandika 02:00 akimaanisha saa mbili asubuhi. Kompyuta inasoma saa nane usiku. Tofauti ni saa sita, na kwa mama aliyepasuka chupa ya uzazi saa sita ni nyingi mno. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa nane mchana ni 14:00, saa mbili usiku ni 20:00, saa nane usiku ni 02:00.

Gumu zaidi ni tarehe. Mtoto aliyezaliwa "Jumanne usiku saa nane" kwa mazungumzo yetu, mfumo unamhesabu wa Jumatano saa 02:00, maana tarehe hubadilika saa sita usiku. Zamu za usiku hukosea hapa karibu kila mwezi, na ndiyo sababu mojawapo ya Kitabu cha 12, rejesta ya kujifungua, kutolingana na mfumo. Bandika jedwali la saa ukutani kwenye chumba cha kujifungulia, juu ya meza, mahali ambapo mkunga ataliona bila kugeuka.

Tukishakuwa na mfumo, vitabu vya MTUHA tuviache?

La, mpaka upate maelekezo ya maandishi kutoka kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri. Na hata baada ya hapo, weka fomu za karatasi za akiba zinazotosha siku tatu za wagonjwa wenu, ndani ya droo inayojulikana na kila zamu.

Mfumo ukizimika, andika saa ulipozimika, hamia karatasi, na kila mgonjwa mpe namba ya muda. Ukirudi, mtu mmoja aliyepangwa ndiye anayeingiza karatasi zote, akiweka alama ya vema kwenye kila moja. Wakiingiza watu wawili kutoka rundo moja, kuna wagonjwa watakaoingia mara mbili na wengine hawataingia kabisa.

Kwenye DHIS2 nimejaza lakini halmashauri wanasema ripoti haijafika. Imepotelea wapi?

Kuna mambo manne ya kuangalia, kwa mpangilio huu.

Kwanza rangi ya kisanduku. Ukiandika namba na kuondoka kwenye kisanduku kwa Tab, DHIS2 inaituma hapohapo. Ikigeuka kijani, imefika. Ikibaki njano, bado iko njiani, na ukifunga mashine sasa hivi huna uhakika nayo. Namba ya mwisho kwenye ukurasa hupotea mara nyingi kuliko zote, kwa sababu mtu anaiandika kisha anafunga bila kutoka kwenye kisanduku chake. Bonyeza Tab mara moja zaidi kabla ya kufunga.

Pili, kazi iliyofanyika mtandao ukiwa umekatika. Namba zinabaki ndani ya kompyuta ileile na brausa ileile, zikisubiri. Mtandao ukirudi, fungua ukurasa huohuo na ukubali kuzipakia. Ukienda kwenye kompyuta nyingine hutaziona. Na mtu akisafisha historia ya brausa "ili mashine iwe nyepesi", zimekwenda. Kompyuta ya ripoti isisafishwe kuanzia siku mnapoanza kujaza hadi halmashauri wathibitishe kupokea. Wala usijaze kwenye dirisha la faragha la brausa, maana likifungwa linafuta kila kitu.

Tatu, kituo na mwezi. Orodha ya miezi kwa kawaida haionyeshi mwezi ambao haujaisha. Mtu anayetafuta Machi ikiwa bado tarehe 30 haioni, anabonyeza ya juu kabisa, na ripoti nzima inaingia Februari juu ya ile ya zamani. Soma jina la kituo na jina la mwezi kwa sauti kabla ya kuandika namba ya kwanza.

Nne, kitufe cha Complete. Ripoti iliyojazwa yote lakini haikubonyezwa Complete huhesabiwa kuwa haijawasilishwa. Visanduku vyote kijani, namba zote sahihi, na kituo kinasomeka sifuri kwenye uwasilishaji. Wengi hukwama hapa.

Sehemu ambayo hatukuwa na mgonjwa niweke sifuri au niache wazi?

Kama huduma mnatoa na hakuja mtu, weka 0. Kama huduma hamtoi, acha wazi. Kisanduku kitupu kinamwambia msomaji "hatujui". Sifuri inamwambia "tumeangalia, hakuna". Kwa magonjwa yanayotolewa taarifa, kama kipindupindu au surua, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu wa wilaya atapanda pikipiki kuja kuwaangalia.

Mfumo unasema namba zangu zinapingana. Nifanye nini?

Usibadilishe namba ili ujumbe uondoke. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa sababu halionekani tena baada ya hapo.

Chukua mfano wa malaria, ugonjwa ambao huku Kusini hakuna asiyeujua. Umeandika waliopimwa kwa mRDT ni 84 na waliokutwa na vimelea ni 91. Haiwezekani. Rudi Kitabu cha 5, rejesta ya wagonjwa wa nje, na uhesabu upya siku moja moja, ukianza na siku ambazo mwandiko umebadilika, maana mpokezana zamu huruka mistari. Kama vitabu viko sawa, angalia fomu ya kujumlishia: pengine safu ya walio chini ya miaka mitano imejumlishwa mara mbili. Kama nako sawa, kuna uwezekano kwamba waliothibitishwa kwa darubini wamechanganywa na wa mRDT. Ukipata kosa, sahihisha kitabuni kwa kukata mstari mmoja unaosomeka, weka sahihi na tarehe, ndipo ubadilishe kwenye DHIS2. Usipopata, acha namba ilivyo na uandike maelezo kwenye kisanduku cha maoni.

Namba zinazolingana kwa kutengenezwa huleta dawa pungufu. Maombi ya dawa mseto na vitendanishi hutazama matumizi na wagonjwa. Kituo kinachopunguza wagonjwa ili ripoti ipite kitaishiwa mvua zikianza.

Mgonjwa mmoja ana mafaili matatu. Inatokea vipi na tunazuiaje?

Inatokea kwa majina. Hadija, Khadija na Hadidja ni mtu mmoja mapokezi, lakini kwa kompyuta ni watatu. Vivyo hivyo Salum na Salumu, Hamisi na Khamis, Fatuma na Fatma, Mohamedi na Muhamedi. Juu ya hayo kuna desturi zetu: kijana akitoka jandoni au binti akitoka unyagoni hupewa jina jipya, na kadi yake ya chanjo ina lile la utotoni. Mama naye leo anaandikishwa kwa jina la baba yake, mwakani kwa la mume.

Ukitafuta, usiandike jina zima. Andika herufi tatu au nne zilizomo kwenye tahajia zote, kwa mfano "hadi" kama mfumo unaruhusu kutafuta katikati ya neno, au tafuta kwa jina la baba na kijiji. Namba ya simu inasaidia lakini usiitegemee: simu moja hutumika na nyumba nzima, na msimu wa korosho watu hubadili laini. Namba ya kadi ya kliniki au ya NIDA ina uhakika zaidi.

Kabla ya kufungua faili jipya uliza maswali mawili: "Umewahi kutibiwa hapa?" na "Una jina lingine unaloitwa?" Swali la pili uliza kwa heshima na kwa sauti ndogo. Ukikuta mafaili mawili ya mtu mmoja, usifute hata moja. Mpe taarifa mwenye mamlaka ya kuyaunganisha. Vipimo vya mwaka jana viko kwenye faili mojawapo, na hujui ni lipi.

Andikeni kanuni moja ya tahajia ya kituo, mfano "majina yanaandikwa kama yalivyo kwenye kadi ya NIDA au ya bima, na kama hana, kama yalivyo kwenye kadi ya kliniki."

Excel imeharibu namba za NIDA na simu. Kwa nini?

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel ikidhani ni hesabu hushika tarakimu 15 tu za mwanzo, zilizobaki inazigeuza sifuri, na huwezi kuzirudisha. Namba ya simu inayoanza na 0 hupoteza hiyo sifuri. Dawa yake hufanyika kabla ya kuandika: chagua safu nzima, ibadilishe iwe ya maandishi, au anza kila namba kwa alama ya ritifaa, kama '0. Ukibadilisha baada ya kuandika umechelewa.

Tarakimu 8 za mwanzo za NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zitumie kuhakiki umri uliotajwa.

Tarehe nazo ziangalie. Kompyuta iliyowekwa mtindo wa Marekani inasoma 03/04 kuwa Machi 4, wakati wewe ulimaanisha Aprili 3. Andika mwezi kwa herufi pale inapowezekana.

Bando linaisha kabla ya mwezi. Linaliwa na nini?

Mara nyingi si mifumo ya kazi. Ripoti ya DHIS2 ni maandishi na namba, haili sana. Vinavyokula ni masasisho ya Windows yanayojishusha yenyewe, video za WhatsApp na simu za watu zilizounganishwa kwenye hotispoti ya kituo. Kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows kuna sehemu ya kuutangaza mtandao kuwa wa kulipia kwa kipimo. Iwashe, na masasisho mengi yatasubiri. WhatsApp izuie kupakua picha na video yenyewe. Badilisha neno la siri la hotispoti kila mwezi.

Masasisho lakini yasiachwe milele, kwa sababu ndiyo yanayoziba matundu ya virusi. Peleka mashine mara moja kwa mwezi mahali penye mtandao wa uhakika, ofisi ya halmashauri kwa mfano, iachwe isasishwe.

Na hapa tuseme wazi: mtumishi asinunue bando la ripoti ya serikali kwa mshahara wake. Liwekwe kwenye bajeti ya kituo kama sabuni na glovu zinavyowekwa.

Alama za mtandao zimejaa lakini tovuti haifunguki.

Alama zinaonyesha kwamba simu inaongea na mnara. Hazikuambii kama mnara unafika duniani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima, huku alama za simu zikiwa vilevile. Uliza pia kama mfumo wenu uko kwenye seva iliyopo hapo kituoni au ya mbali. Wa seva ya hapo unafanya kazi bila intaneti, kwa hiyo ukigoma tatizo ni waya, ruta au seva yenyewe.

Jaribu haya: weka simu kwenye hali ya ndege sekunde 10 kisha irudishe, ihamishie dirishani, fungua tovuti nyingine kuona kama tatizo ni la mfumo mmoja. Kisha tazama tarehe ya kompyuta. Betri ndogo ya ndani ya kompyuta ya mezani, ya duara, aina ya CR2032, ikifa, kila ukichomoa mashine au umeme ukikatika tarehe inarudi miaka nyuma, na brausa inakataa kufungua tovuti salama ikisema muunganisho si wa kuaminika. Sahihisha tarehe, itafunguka. Kisha nunua betri mpya, fundi anaibadilisha kwa dakika chache.

Umeme unakatika kila mara. Tuvilinde vipi vifaa?

UPS, kifaa chenye betri ya akiba, ya 650VA itaibeba kompyuta moja ya mezani na skrini yake kwa takriban dakika 5 hadi 10. Zitumie kuhifadhi kazi na kuzima, si kuendelea na foleni. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS. Inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na kuiangusha. Umeme ukikatika, chomoa vifaa, na ukirudi subiri kama dakika 5 kabla ya kuchomeka tena. Kwa zahanati yenye umeme wa kusuasua, kompyuta mpakato au kishikwambi kinafaa kuliko ya mezani.

Usiunganishe kompyuta, simu wala taa kwenye paneli za jokofu la chanjo la sola. Majokofu mengi ya sasa hayana betri. Paneli zake zimepigiwa hesabu ya jokofu tu. Chaji ya simu moja siku ya mawingu inaweza kumaanisha chanjo kuharibika.

Ukanda wa pwani una adui mwingine: hewa yenye chumvi na unyevu. Kilwa, Lindi mjini, Mikindani, matundu ya USB huota kutu ya kijani na feni hujaa vumbi linaloganda. Weka mashine mbali na dirisha linalotazama bahari, ifunike kwa kitambaa cha pamba ikiwa imepoa, na usiifunge kwenye mfuko wa nailoni ikiwa bado ya moto, maana jasho linabaki ndani. Kishikwambi kisiachwe kwenye gari juani.

Kipimajoto cha kidijitali cha jokofu kinaonyesha alama ya hatari. Nianze wapi?

Vile vinavyohifadhi kumbukumbu za siku 30 huonyesha alama joto likipita nyuzi +8 kwa saa 10 mfululizo, au likishuka hadi -0.5 kwa dakika 60. Soma ni ipi kati ya hizo mbili, siku gani na kwa muda gani, kisha ndiyo uondoe alama. Watu hubonyeza kuondoa kelele kwanza na kupoteza habari muhimu. Baridi ni mbaya kuliko wengi wanavyodhani: chanjo za Penta, PCV, Td na HPV zikiganda zimeharibika hata zikiyeyuka na kuonekana nzima. Zitenge, ziandike "zisitumike", umpigie mratibu wa chanjo.

Vipo vyenye kichwa cha USB chini ya kifuniko. Ukikichomeka kwenye kompyuta kinatoa ripoti ya PDF chenyewe, bila programu yoyote. Ihifadhi kila mwezi kwa jina la kituo na mwezi. Na bado andika joto asubuhi na jioni kwenye chati, kwa sababu chati ndiyo inayokufanya uende kuliangalia jokofu.

Tunatumia neno la siri la mganga mfawidhi wote. Kuna ubaya?

Upo, na unamwangukia yeye. Kila dawa iliyotolewa, kila jibu la maabara lililobadilishwa na kila fedha iliyofutwa inasomeka kwamba kaifanya yeye, hata siku aliyokuwa likizo Liwale. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo bila idhini kuwa kosa. Na akihamishwa, kituo kizima kinafungiwa nje siku moja.

Kila mtumishi aombe akaunti yake kwa barua kupitia mganga mfawidhi. Inachukua siku, lakini ombeni kabla ya mtumishi mpya kuripoti, si baada. Neno la siri zuri ni refu na unalikumbuka: maneno matatu yasiyohusiana, namba na alama, mfano wa muundo ni Ngalawa-Mtama7-Kioo. Usitumie mfano huu wenyewe. Korosho123 na mwaka wa kuzaliwa hukisiwa kwa dakika. Ukitoka mezani hata kwa kwenda kunywa chai, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, skrini inajifunga.

Mtumishi akihama, kustaafu au kufariki, akaunti ifungwe wiki hiyohiyo.

Naweza kutuma picha ya mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp kuomba ushauri?

Kwenye kundi, hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye zile nyeti. Kwa VVU ipo pia sheria ya 2008 inayolinda usiri wa majibu. Kundi la watu 60 lina simu 60, na nyingine hushikwa na watoto nyumbani.

Ushauri unaokoa maisha, hivyo usiuache, badilisha njia. Mpigie daktari mmoja wa hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au Mkomaindo unayepaswa kumpelekea rufaa. Eleza umri, jinsia, dalili na vipimo bila jina wala kijiji. Kama ni lazima aone kidonda au eksirei, muombe mgonjwa ruhusa na uandike kwenye faili kwamba ameridhia. Piga picha ya sehemu inayohusika tu, bila uso, bila kadi wala jina pembeni ya filamu, mtumie huyo mmoja, kisha futa kwako na umwombe naye afute. Kumbuka kwamba WhatsApp huihifadhi picha pia kwenye picha za simu, na pengine kwenye nakala ya mtandaoni. Futa kote.

Picha ya ukurasa wa rejesta, inayotumwa "ili mratibu ahakiki", ndiyo inayovujisha zaidi kuliko zote: ina wagonjwa 20 kwa mkupuo.

Nimepigiwa na mtu anayesema ni wa wizarani, anataka neno langu la siri.

Kata simu. Hakuna ofisi inayolihitaji. Wanaosimamia mfumo wanaweza kulibadilisha bila kukuuliza. Ujumbe wa ulaghai utume kwenda 15040 ya TCRA, na ukague laini zilizosajiliwa kwa jina lako kwa *106#. Barua za kikazi zipitie barua pepe ya serikali inayoishia .go.tz.

Nimebakiza miaka michache nistaafu na macho yamepungua. Kuna haja?

Ipo. Wewe ndiye unayejua kwamba mtoto wa miezi minne hawezi kuwa na kilo 14, na mfumo unahitaji jicho hilo. Shika Ctrl na ubonyeze alama ya kujumlisha, maandishi yanakua. Ctrl na 0 huyarudisha. Kaa na kijana anayejua vitufe: yeye aandike, wewe uhakiki, wiki ijayo mbadilishane. Vijana wanawahi kwenye kibodi, wazee wanawahi kuona kosa.

Mimi ni mganga mfawidhi. Nipange vipi mafunzo bila kufunga kituo?

Chagua mtu mmoja wa kuwafundisha wenzake, anayependa kufundisha. Si lazima awe anayejua zaidi. Mpunguzie zamu moja kwa wiki. Bila kumpa muda, kazi hiyo itakufa ndani ya mwezi. Usimpeleke mtu yuleyule kila semina wilayani, maana akihamishwa anaondoka na ujuzi wote wa kituo.

Siku ya Ijumaa mchana, dakika 20, fungueni ripoti ya wiki pamoja na mlinganishe safu moja tu na kitabu: wiki hii wajawazito wa hudhurio la kwanza, Kitabu cha 6, wiki ijayo mRDT. Watu wanapoona namba zao zinaamua oda ya dawa, hawahitaji kusukumwa. Kwa anayetaka kwenda mbali, chuo cha mtandaoni cha DHIS2 kina kozi ya misingi isiyolipiwa, kwa Kiingereza.

Kishikwambi cha kituo kimepotea au kimeibiwa. Hatua ni zipi?

Saa ya kwanza ndiyo muhimu. Mpigie msimamizi wa mfumo azuie akaunti zote zilizokuwa wazi ndani yake, kabla hujaenda polisi. Badilisha maneno ya siri ya barua pepe na ya hotispoti kutoka kifaa kingine. Kisha mpe taarifa mganga mfawidhi kwa maandishi, ukieleza saa ulipokiona mara ya mwisho na mifumo iliyokuwemo, na uchukue taarifa ya upotevu polisi ukiwa na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa. Namba hiyo iko kwenye boksi, au hupatikana kwa *#06# kifaa kikiwa bado mkononi na kina sehemu ya kupigia. Iandikeni leo kwenye daftari la mali, pamoja na namba za vifaa vya wenzenu wote.